Mwaka Niliokosea Barafu

Kwa miaka sita mimi ndiye niliyekuwa naulizwa. Kila Julai mzee mmoja anayekaa Quakers Hill, fundi wa treni aliyestaafu, alinipigia simu, na kabla hata hajanijulia hali alisema, "Haya, muuguzi, barafu itakuwaje mwaka huu?" Nilikuwa namwomba dakika moja nifikirie, ingawa jibu nilikuwa nalo tangu wiki iliyopita. Nilipenda kumsikia akingoja.

Barafu aliyoiulizia huganda kwenye genge lililo juu ya ziwa dogo, kule kwenye milima ya theluji, mwendo wa saa sita kwa gari kutoka Sydney, halafu nusu siku kwa miguu. Wengi ninaofanya nao kazi hawajui kwamba nchi hii ina barafu ya kupanda. Ipo, ila ni kidogo na haikai. Mwaka mmoja hudumu mwezi, mwaka mwingine siku nne. Kwa hiyo sehemu ngumu hufanyika mjini, mtu akiwa na kandambili miguuni: kusema kama inafaa kwenda au haifai.

Heshima hiyo niliipata kwa sababu ya baba yangu. Nilizaliwa upande wa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, na baba alikuwa akiwaongoza wageni mlimani. Nikiwa darasa la saba alianza kunichukua likizo hadi kule juu kwenye barafu, akanifundisha kupiga kishoka na kusimama juu ya miiba ya chuma tunayofunga chini ya viatu. Nilipokuja Sydney kuuguza wazee, niliingia siku moja kwenye ukumbi wa kupanda kuta kwa sababu ya upweke tu. Mzee alikuwa pale, amekaa kwenye benchi na kamba yake mapajani. Alikuwa akipanda na mkewe miaka yote, mkewe amefariki, na hakuwa na mtu wa kumshikia kamba. Alipojua baba yangu alikuwa nani, akaniamini kabla sijapanda hata futi moja.

Nikisema ukweli, utabiri wangu ulikuwa wa kawaida. Niliangalia kwenye simu baridi ya kila usiku, nikaangalia picha za kamera za mlimani, na nikiwa na shaka nilisema hapana. Ukisema hapana, hakuna anayekwenda kuhakikisha.

Kisha nikamleta yeye, kwa mkono wangu mwenyewe.

Tulijuana kanisani, Merrylands. Alikuwa mwanamke wa Bukavu, mdogo kwangu kwa miaka kama minane, anakaa Granville na anafanya kazi kwenye ghala la vyakula vilivyogandishwa. Siku nzima yuko ndani ya friza kubwa kama uwanja, amevaa koti nene, anapanga maboksi. Tangu siku ya kwanza aliniita "yaya." Kwao yaya ni dada mkubwa, na alilisema kwa heshima zote. Kwetu Kenya yaya ni msichana wa kulea watoto wa watu. Nilicheka mara ya kwanza. Baadaye, mambo yalipoharibika, neno hilo lilikuwa likinichoma kila nilipolisikia.

Alikuwa akilalamika mabega, nikamwambia aje ukumbini anyooshe mwili. Miezi mitatu nilijivunia. Nilimwonyesha pa kuweka mguu, nikamfundisha kufunga fundo, nikawa natafsiri kati yake na mzee, kwa kuwa Kiingereza chake kilikuwa cha ghalani, cha tahadhari na namba za rafu. Mwezi wa nne nikaona anapita ukuta ambao mimi ulinichukua mwaka. Mwezi wa tano nilirudi kutoka msalani nikawakuta yeye na mzee wanacheka mpaka wanashikana mikono, bila mkalimani. Nikauliza wanacheka nini. Wakaniambia ni jambo refu kidogo kulieleza.

Lakini kilichonitia kijicho cha kweli ni vishoka. Gereji ya mzee ilikuwa na vishoka viwili vya barafu vya marehemu mkewe, vimetundikwa ukutani juu ya mashine ya kufulia. Miaka sita nilivitazama. Sikuwahi kuviomba, naye hakuwahi kuvitaja, na kila safari mimi nilikodi vyangu dukani, vyenye alama za watu wengine. Jumamosi moja nikafika na kumkuta yeye kasimama gerejini, kishoka kila mkono, mzee akimrekebisha kiwiko.

"Vinamfaa, au sivyo?" mzee aliniuliza.

"Vinamfaa," nikasema.

Na vilimfaa. Nilienda kuosha vikombe ambavyo havikuwa vichafu.

Kipupwe cha mwaka huo kikaja kwa upole. Julai nzima watu wa Merrylands walitembea na fulana, na miti ya jirani ikachanua kabla ya wakati wake. Habari za mlimani zilikuwa mbaya: theluji nyembamba, majani yanaonekana mahali ambapo watu walitakiwa kuteleza kwa ski. Mzee aliponipigia, sikuomba dakika moja.

"Mwaka huu hakuna," nikamwambia. "Joto limezidi. Tungoje mwakani."

"Mwenzako anaona tofauti," akasema.

"Mwenzangu yupi?"

Alinijibu kwa upole, kama mtu anayejua amekanyaga mahali panapouma. Alisema twende kwake Jumamosi, sote watatu, tuongee.

Tukakaa jikoni kwake mchana, jua limejaa mezani, kompyuta katikati ya vikombe. Mzee akafungua picha za kamera ya mlimani. Nikawaonyesha kwa kidole: theluji kidogo, mawe meusi, maji yanang'aa saa sita mchana. "Hii inayeyuka," nikasema. "Barafu inataka baridi isiyokatika."

Yeye alikuwa ameegemeza kidevu kwenye ngumi. Alizungumza na mimi kwanza, kwa Kiswahili chake.

"Yaya, kule kwa kazi, mulango wa friza ukifungwa siku yote, glasi haioti." Barafu anaiita glasi. "Inabaki baridi kavu tu. Lakini siku magari iko mingi, tunafungula, tunafunga, tunafungula, tunafunga. Hewa ya moto inaingia na maji yake. Pale ndiyo glasi inaota kwa mulango, mpaka tunaivunja na chuma. Sasa ona huku. Mchana joto kidogo, usiku mbingu safi, baridi kali. Maji inashuka mchana, inakamatwa usiku. Ni mulango ule ule."

Kisha akamwelezea mzee kwa Kiingereza, polepole, akifungua na kufunga mlango wa friji ya jikoni ili aone. Mzee akasogea mbele kwenye kiti. Yeye akaongeza kwamba theluji ikiwa nyingi huwa kama blanketi, jiwe halipoi, na kwamba mwaka huu jiwe liko uchi.

Nilijua ni kweli. Nililijua hilo kabla yao wote wawili. Mlima wa nyumbani kwetu uko kwenye ikweta. Hakuna miezi ya baridi kule juu kama ya Ulaya. Kila mchana maji yanatiririka na kila usiku yanaganda. Baba alinionyesha kwa kidole tone likidondoka saa sita, na asubuhi yake akanionyesha tone hilo limekuwa nguzo ninayoweza kuikumbatia. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Sasa maneno ya baba yangu yalikuwa yanatoka kinywani mwa mtu aliyejifunza barafu kwenye maboksi ya samaki na mbaazi, na mimi niliyeyarithi nilikuwa nimeyasahau nikashinda nikisoma namba kwenye simu.

Ningeweza kusema, "Yuko sahihi, hata baba aliniambia hivyo." Sentensi moja tu. Nikasema, "Mlima si friza."

"Sawa, yaya," akasema, akafunga mlango wa friji.

Mzee alinitazama, akamtazama yeye. Aliamua kwamba wataondoka Alhamisi inayofuata, walale kwenye mji ulio chini ya milima, Ijumaa watembee na kupiga hema karibu na ziwa, Jumamosi wapande. Akaniuliza kama nitakuja.

"Nina zamu," nikasema. Sikuwa na zamu. Nilikuwa na siku nne za mapumziko nilizoziomba tangu Aprili kwa ajili ya barafu hiyo.

Zile siku nne zilikuwa ndefu. Alhamisi nilisafisha jiko, nikapanga kabati, nikatazama utabiri wa hali ya hewa kila saa. Nilichoomba, Mungu anisamehe, ni joto. Sikuwatakia mabaya, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Niliwatakia tu wafike ziwani, wakute mawe yanatoka jasho, warudi wakiwa wamelowa, na mzee anipigie simu aseme nilikuwa sahihi. Nilikwisha kuandaa hata sauti nitakayomjibu nayo, ya mtu asiyejali.

Ijumaa saa mbili asubuhi utabiri ukabadilika. Upepo wa joto kutoka kaskazini magharibi, uliokuwa ukitarajiwa Jumapili, sasa ulikuwa unakuja Jumamosi kabla ya saa sita, na mvua nyuma yake. Kwenye genge la barafu hakuna kitu kibaya kama mvua ya vuguvugu. Maji huingia nyuma ya barafu na kuiachanisha na jiwe, halafu kipande kikubwa kama gari kinashuka bila kupiga hodi.

Nilijua walikuwa bado mjini, wanakunywa chai. Simu zao zilikuwa na mtandao kwa saa moja nyingine, labda mbili. Nilishika simu, nikafungua jina lake yeye. Nikajiambia bila shaka wameona wenyewe. Nikajiambia yeye ndiye mjuzi, acha ajue. Nikaiweka simu kifudifudi juu ya meza, nikaenda kuanika nguo, na nilizianika taratibu sana, soksi moja moja.

Saa tano nilipiga. Simu ya mzee ilisema haipatikani. Simu yake yeye ikasema vivyo hivyo.

Nimewahi kukosea kazini, nimewahi kumsahau mgonjwa msalani kwa dakika ishirini nikalia. Lakini sikuwahi kuhisi mwilini mwangu kitu kama kile nilichokihisi Ijumaa ile. Nilipiga tena na tena nikijua haitashika. Nilifikiria kuwapigia waokoaji, lakini ningesema nini? Kwamba watu wawili wazima wameenda kupanda mlima na kesho kutakuwa na upepo?

Jumamosi asubuhi nilishindwa kukaa nyumbani, nikaenda madukani Merrylands nikazunguka na kikapu kitupu. Nilipotoka nje karibu na saa tano, upepo ulikuwa umeanza hata huku, upepo mzuri, wa joto. Wanawake walikuwa wanavua masweta. Nilikaa kwenye kituo cha basi bila kungoja basi lolote.

Simu ililia saa tisa na nusu.

"Yaya," akasema, "tumeshuka. Tuko kwa gari."

"Mko wazima?"

"Wazima. Tumepanda, yaya. Ilikuwa nzuri, nene hivi, ya buluu." Alikuwa anahema kwa furaha. "Tulianza kabla ya jua. Tumepanda njia mbili. Halafu saa tatu nikasikia glasi inalia tofauti. Ukiipiga inalia kama ngoma, iko na maji nyuma. Nikamwambia mzee tuteremuke. Alitaka moja ingine, nikakataa. Tulikuwa tunakunja hema, pale tulisimama saa ile tunapanda, pom, kipande yote ikaanguka."

Nyuma yake nilimsikia mzee akisema kitu na kucheka kwa sauti niliyokuwa sijaisikia tangu nimjue.

Ningependa kuandika kwamba nilishukuru kwanza. Nilichofikiria kwanza ni kwamba amechukua vyote. Amechukua barafu, na amechukua hata ile busara ya kuondoka kwa wakati, ambayo ndiyo kitu pekee nilichokuwa nimebakiza cha kumzidi. Kushukuru kulikuja dakika moja baadaye, na kulikuja kwa nguvu, mpaka mama mmoja mwenye mifuko akaniuliza kama ninahitaji msaada.

Nilikaa na jambo hilo wiki moja. Jumapili iliyofuata, baada ya ibada, nilimfuata kwenye maegesho ya kanisa. Alikuwa anatafuta funguo kwenye mkoba.

"Ile Ijumaa," nikamwambia, "niliona upepo umesogezwa mbele. Saa mbili asubuhi. Nilijua bado mna mtandao. Sikuwapigia."

Aliacha kutafuta funguo. "Juu ya nini?" Kwao ndiyo "kwa nini."

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi. Nikasema, "Wivu."

"Nilijua uko na wivu, yaya. Siku ya vishoka niliona. Sikujua ni mukubwa hivi."

"Nisamehe."

"Na sisi tuliiona," akasema. "Tulikuwa tunaweka mafuta, nikaangalia simu. Mzee alisema turudi. Nikasema tutembee mbio, tupande kabla ya jua, saa tatu tuwe chini. Ndiyo maana tulitoka wazima."

Mabega yangu yakashuka. Kwa hiyo ukimya wangu haukuwa umebadilisha chochote. Nadhani aliuona uso wangu ukilegea, kwa sababu sauti yake ikawa ngumu.

"Lakini wewe haukujua kama tumeona."

Akaingia kwenye gari.

Hakumwambia mzee. Nilimwambia mwenyewe, kwa simu, siku ya pili yake, kwa kuwa niliona itakuwa vibaya zaidi kumwachia yeye mzigo wa kunifichia siri. Mzee akasema atanipigia. Zikapita wiki tatu. Ukumbini nilienda siku ambazo nilijua hawapo, nikapanda zile kuta ambazo hazihitaji mtu wa kushika kamba. Kanisani yeye alinisalimu vizuri, kwa "dada," kama anavyowasalimu wote.

Mwisho wa Agosti baridi ikarudi kwa siku chache. Simu ililia nikiwa kazini, kwenye chumba cha dawa.

"Anasema itashika mpaka Jumatatu," mzee akasema. Hakutaja jina, na haikuwa lazima. "Tunaondoka Ijumaa. Kuna nafasi kwenye gari."

"Yeye anajua unaniita?"

"Yeye ndiye aliyesema nikupigie. Mimi nilikuwa bado sijawa tayari."

Njiani hatukuongea sana. Mzee aliendesha, yeye alikaa mbele, mimi nyuma na mabegi. Walizungumza kuhusu skrubu za kufungia kamba kwenye barafu na supu, nami nikatazama mashamba. Kiti cha mbele kilikuwa changu miaka sita, na sitadanganya kwamba sikulifikiria hilo kutoka mjini hadi milimani.

Barafu iliyobaki ilikuwa kidogo, ukanda mmoja wa urefu wa nyumba ya ghorofa mbili, wa kijivu pembeni na wa buluu katikati. Yeye alisimama chini yake akaipiga kwa kishoka mara tatu sehemu tofauti, akasikiliza. Nilisikiliza na mimi. Zilikuwa sauti tatu tofauti kweli, ila sikujua zinasema nini. Nikauliza. Ilikuwa mara ya kwanza kwangu kumuuliza mtu yeyote swali kuhusu barafu tangu baba afariki, na lilitoka kwa shida, kama kikohozi.

Akanijibu bila kuringa, akanishika mkono na kunipigisha mahali pamoja na pengine mpaka nikaanza kutofautisha. Hapa imeshikana na jiwe. Hapa imeachana kidogo. Hapa usiweke hata kidole. Akapanda wa kwanza. Mzee akafuata. Mimi nikapanda wa mwisho, kamba ikitoka juu kwake, na kila nilipopiga kishoka nilikiona chake kimeshapita hapo, kitundu kidogo safi, mahali hasa ambapo na mimi ningechagua. Kijicho kilikuwepo. Kilipanda nami hatua kwa hatua. Lakini kamba ilikuwa imekazwa vizuri, haijalegea wala hainivuti, na mikono yangu ilikuwa na kazi nyingine ya kufanya.

Tulipokuwa tunashuka, mkanda wa miiba ya kiatu changu cha kushoto ulifunguka. Nilikuwa nimeufunga vibaya asubuhi, kwa haraka ya kutotaka kuonekana ninachelewa. Yeye ndiye aliyeona. Alipiga goti kwenye theluji, akavua glavu kwa meno, akaukaza.

"Simama vizuri," akasema.

Nikasimama vizuri. Mzee alikuwa mbele, ameshaanza kutafuta njia ya kurudi hemani, na mawingu yalikuwa yanafunika ng'ambo ya ziwa.